Kijiji Kilichosugua Misumari

Mtu mmoja alikuwa na binti mmoja na nyumba isiyojua kutu. Jina lake Ruhoza, na kazi yake ilikuwa kuchemsha chumvi, kama baba yake na babu yake, katika kijiji kilichokaa juu ya chemchemi za maji ya chumvi. Watu wa huko walichota maji visimani, wakayamimina katika makarai makubwa ya chuma, wakawasha kuni, wakangoja maji yaishe na chumvi ibaki. Mto uliopita chini ya kijiji nao ulikuwa wa chumvi. Upepo uliotoka mtoni ulikuwa wa chumvi, na mtu akilamba mkono wake mwenyewe baada ya kulala, aliikuta chumvi hapo pia.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Kila jioni, moto ukishazimwa, makarai yalisuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka yang'ae. Kutu kwao ilikuwa aibu kuliko njaa. Mama mkwe alipomtembelea mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza, kabla ya kuketi, kabla hata ya kupokea maji ya kunywa, alipitisha kidole ndani ya karai. Kidole kikitoka na wekundu, alirudi kwake bila kuaga, na ndoa ile ilianza kwa kilio. Watoto waliambiwa tangu wakiwa mgongoni kwamba kutu huzaliwa na mkono mvivu, nao wakakua wakiwaambia watoto wao. Hakuna aliyeuliza. Makarai yalisuguliwa, na kila yaliposuguliwa chuma kidogo kiliondoka pamoja na kutu, mpaka siku karai lilipotoboka juu ya moto, maji yakazima kuni, na mwenye nyumba akamlaani fundi aliyemuuzia. Kisha akatafuta karai jingine, akalisugua hilo pia. Waliishi hivyo, safi na wenye hasara, na hasara hiyo waliiita bahati mbaya.

Ruhoza alikuwa msafi kuliko wote. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kule chini, karibu kabisa na mto, mahali ambapo upepo wa chumvi ulipiga usiku na mchana, na bado hukuweza kuona doa kwenye bawaba ya mlango wake. Watu walimheshimu kwa hilo. Ndiyo maana kijiji kilipoamua kujenga daraja, walimchagua yeye awe mwenyekiti wa kamati.

Daraja lenyewe lilikuwa la lazima. Shule ilikuwa ng'ambo, na watoto walivuka mto kwa kurukia mawe. Masika yakija mawe yalizama, na mto ulikuwa umeshachukua watoto wa watu. Basi wanakijiji wakachanga, wakakata mbao, wakapata nyaya. Zikabaki bolti za kuzishika nyaya na mbao. Bolti za chuma kitupu zilikuwa tayari ghalani. Zilikuwapo pia za aina nyingine, zilizopakwa zinki kama bati la nyumba lipakwavyo, lakini hizo zingetoka mbali, na daraja lingengoja kiangazi kingine. Ruhoza alisema wasingoje. Alisema watamweka mtu wa kuzisugua bolti kila siku, na chuma kinachosuguliwa hakipati kutu, kila mtu anajua.

Katika shule ile kulikuwa na mwalimu wa sayansi aitwaye Kasunzu. Alikuwa mgeni, mtu wa maneno machache, na shule haikuwa na maabara. Alifundisha kwa vitu alivyoviokota. Aliwafanya watoto wanyanyue jiwe kubwa kwa ubao na gogo, wakajua nguvu ya wenzo kwa mabega yao wenyewe. Aliwasha mshumaa ndani ya sahani ya maji, akaufunika kwa chupa, na watoto wakaona moto unazimika na maji yanapanda, wakabishana juma zima kwa nini. Halafu aliwapa kazi za kufanya nyumbani, na kazi zake hazikuwa za kunakili. Angalia hiki. Pima kile. Rudi uniambie ulichokiona, hata kama hukipendi. Wazazi walipenda mambo yale ya mshumaa. Walicheka, wakasema mwalimu ana viini macho vizuri.

Mwalimu Kasunzu alipozisikia habari za bolti alikwenda kwenye kamati. Aliwaambia kwamba kutu haiji kwa uvivu. Chuma kikikutana na hewa na unyevu hushika kutu, akasema, na penye chumvi huliwa upesi zaidi, na kusugua hakukizuii bali hukipunguza. Kamati walitazamana. Ruhoza akamjibu kwa upole kwamba yeye amesugua chuma tangu kabla mwalimu hajazaliwa. Mwalimu hakubishana. Alisema tusiulizane sisi, tukiulize chuma. Kila mwanafunzi atapewa msumari mpya, wote wa pakiti moja. Atauning'iniza kwa uzi nje ya nyumba yao, chini ya upenu, mahali pasiponyeshewa. Hautafutwa, hautapakwa mafuta, hautaguswa, mpaka mwezi mpya uandame. Kuna nyumba za wavivu na za wachapakazi, akasema, na kuna nyumba za mlimani na za mtoni. Kama kutu inafuata uvivu, tutaiona kwenye nyumba za wavivu popote zilipo. Kama inafuata chumvi, tutaiona ikizidi kadiri tunavyoteremka mtoni.

Jaribio gani lingekuwa la haki kuliko hilo? Hata Ruhoza alikubali, tena mbele ya watu. Likakatwa shauri kwamba misumari itasomwa kwenye mkutano wa kijiji, na jibu lake ndilo litakaloamua bolti zipi zifungwe. Basi maisha ya watoto wa kijiji kizima yaliwekwa chini ya upenu wa nyumba zao, yakining'inia kwa uzi, na kazi waliyopewa watu wazima ilikuwa moja tu, kutogusa.

Binti wa Ruhoza aliitwa Nyamizi. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo mwalimu aliipenda: akiona kitu, alisema alichokiona, wala hakutazama kwanza uso wa mtu ajue kama kitapendeza. Aliuning'iniza msumari wake karibu na mlango. Siku chache tu zikapita, ukaanza kuwa na rangi ya chai. Zikapita nyingine, ukaota magamba. Nyamizi alifurahi kama mtu aliyeona mbegu yake imechipua. Alimwita mama yake aone. Alimweleza kwamba wao hapo ni wasafi kuliko wote, na bado msumari wao umeliwa, kwa hiyo kutu haitokani na uvivu, na mama hana haja ya kujichubua mikono kila jioni kwa kuogopa vidole vya watu. Mama yake aliutazama msumari, akatazama mikono yake.

Ruhoza yeye aliona jambo jingine. Aliona kutu mlangoni pake. Aliona wageni wakipita na kuinua macho juu, kisha wakiyashusha upesi kwa adabu. Alimwambia binti yake aufute. Nyamizi alimjibu kwamba mwalimu amekataza. Ruhoza hakumlazimisha, maana alikuwa ametoa neno lake mbele ya kamati. Ila usingizi ulimtoka. Mtu aliyeheshimiwa miaka yote kwa usafi, leo anaambiwa afuge kutu mlangoni kama mtu afugavyo kuku!

Siku ya kuamkia mkutano, Nyamizi alipokwenda kuchota maji, Ruhoza alikata uzi. Aliutupa ule msumari kwenye jalala la majivu, akafunga mwingine mpya wa saizi ileile. Alifanya hivyo kwa mikono iliyotulia. Wala hakujiona mwongo. Alijiona baba anayemwokoa mwanawe asichekwe, na nyumba yake isitajwe.

Wala hakuwa peke yake. Siku ile ile, katika nyumba zote za chini, mikono ya watu wazima ilikuwa kazini. Mama mmoja aliusugua msumari wa mwanawe kwa majivu mpaka ukawa mwembamba. Mjomba mmoja alitumia msasa. Mzee mmoja wa kanisa aliuchovya katika mafuta ya kukaangia, akaufuta kwa kitambaa cha meza, akamshukuru Mungu. Hawakupanga. Kila mmoja alidhani ni yeye tu.

Nisikilizeni vizuri hapa, ndugu zangu, maana mmenikaribisha niwabariki watoto hawa na kazi zao za sayansi mlizozipanga pale mezani, nami kabla ya kusimama hapa nimezipita zote. Ni nzuri mno. Zimepakwa rangi, zimenyooka, kila jibu ni sahihi, na mkono wa mtoto siuoni popote. Niliona kinu cha upepo kilichochomelewa na fundi. Nilimuuliza mwenye nacho kwa nini kinazunguka, akanitazama, kisha akamtazama baba yake. Kwa hiyo msidhani ninawasimulia habari za watu wa mbali.

Siku ya mkutano ikafika. Mwalimu Kasunzu aliweka meza ndefu, akaipanga misumari kwa utaratibu wa nyumba, za mlimani upande mmoja, za mtoni upande mwingine. Alipofika mwisho wa meza mikono yake ilipungua mwendo. Misumari ya mlimani, ambayo wenyewe hawakuona haja ya kuigusa, ilikuwa na kutu kidogo, hapa doa, pale doa. Lakini kadiri ulivyoteremka kuelekea mtoni misumari ilizidi kung'aa, na wa nyumba ya Ruhoza, ulioning'inia juu ya mto wenyewe, uling'aa kama umetoka dukani. Na kweli ulikuwa umetoka dukani.

Watu walisogea, wakatazama, wakaanza kunong'ona. Kisha mjumbe mmoja wa kamati akasimama na kueleza alichokiona. Alisema sasa yote ni wazi. Chumvi haiozeshi. Samaki akipakwa chumvi anakaa, nyama ikipakwa chumvi inakaa, na chuma nacho, kumbe, kikikaa kwenye chumvi kinahifadhika. Watu wakapiga makofi. Walishangilia kweli. Na wale waliosugua, waliokuwa na majivu bado chini ya kucha, walipiga makofi pamoja na wengine, maana kila mmoja aliona misumari ya jirani zake inang'aa, akasema moyoni kwamba labda wa kwangu tu ndio ulikuwa na kasoro. Wengi wape, tunasema. Basi wengi wakapewa, na walichopewa ni uongo wao wenyewe, umerudi kwao ukiwa umevaa nguo za elimu.

Hapo ndipo Nyamizi aliposimama. Alikwenda mpaka mezani, akaushika msumari uliowekwa penye jina lake, akaugeuza.

"Mwalimu," akasema, "huu si msumari wangu. Wangu ulikuwa umeliwa mpaka kichwani."

Mwalimu aliwageukia watoto wengine, akawauliza kwa sauti ya chini kama yuko mwingine wa kusema neno. Watoto walijua. Kila mmoja alikuwa ameuona msumari wake siku zote zile, na hakuna mtoto asiyejua rangi ya kitu alichokitazama kila asubuhi. Msichana mmoja alianza kuinuka. Mama yake akamshika gauni, naye akaketi.

Ruhoza alisimama. Hakupaza sauti. Alimuuliza binti yake, mbele ya watu wote, kama anamwita baba yake mwongo. Nyamizi hakuwa amemtaja baba yake kabisa. Alikuwa amesema habari za msumari. Lakini sasa swali lilikuwa limegeuzwa, na katika kijiji kile hapakuwa na mtoto ambaye angeweza kulijibu na bado akalala nyumbani kwao. Wazee wakaguna. Mtu akasema haya ndiyo matunda ya shule. Mama yake Nyamizi, aliyeuona ule msumari kwa macho yake, alikuwa anatazama mikono yake.

Wakamtaka apige magoti aombe radhi. Akapiga magoti. Wakamtaka auinue msumari juu, watu wote wauone, aseme ni wake na unang'aa. Nyamizi akauinua. Mara ya kwanza sauti haikutoka, wakamwambia arudie. Akarudia, na safari hii sauti ilitoka safi kabisa, na watu wakasema ahsante, mtoto ana adabu huyu. Ruhoza akamshika kichwa akambariki. Ninyi mliolea mnajua jinsi mtoto anavyosimama akishabarikiwa hivyo. Alisimama akiwa ameelimika.

Mnasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huwa mnalisema mkimlaumu mtoto wa jirani. Yule binti hakujifunza siku ile kwamba misumari haipati kutu. Hilo hakuna mtu angeweza kumfundisha tena, macho yake yalishaona. Alijifunza kwamba kuna kitu unachokiona na kuna kitu unachokisema, na mtu mwenye adabu havichanganyi. Somo hilo hakulipewa na shetani. Alipewa na baba anayempenda, mama anayempenda, na mzee wa kanisa, mbele ya mkutano uliofunguliwa kwa sala. Nikilifikiria jambo hili ninakosa pumzi, na sioni haya kuwaambieni.

Bolti za chuma kitupu zikafungwa. Daraja likazinduliwa kwa ngoma na pilau. Mwalimu Kasunzu alishitakiwa kwa wakubwa wake kwamba anawachochea watoto dhidi ya wazazi, akaagizwa afundishe kwa ubao na chaki, mambo ya majaribio yaishie kwenye kitabu. Alijaribu muhula mmoja. Halafu akaomba ahamishwe, akaondoka na sanduku lake kwa njia ya mlimani, bila kupita darajani. Watu waliona hicho ni kiburi.

Akaja mwalimu mwingine, mtu mwema, asiyejua yaliyopita. Naye alipenda kufundisha kwa vitendo. Akawapa watoto kazi ya kufanya nyumbani: wapime maji yanayochemka, wapande maharage gizani na kwenye jua, waangushe jiwe zito na jepesi kutoka juu ya kichuguu waone lipi linatangulia. Kazi zilirudi zote, kwa wakati, na majibu yote yalilingana na kitabu. Mwalimu alifurahi sana. Hakuona kwamba maharage yale hayakupandwa, maji hayakuwekwa motoni, na mawe hayakuokotwa. Watoto walikuwa wameketi wakaandika kilichotakiwa. Safari hii mzazi hakuhitaji kukata uzi wala kutafuta msasa, kwa sababu watoto walishajua kusugua wenyewe. Mitihani ikaja, kijiji kikafaulu kuliko vijiji vyote vya jirani. Wakachinja ng'ombe.

Miaka ikaenda. Mtu wa kusugua bolti alifanya kazi yake kila siku, kwa uaminifu, maana Ruhoza alimsimamia mwenyewe. Bolti ziling'aa. Kila jioni wekundu kidogo ulidondoka mtoni pamoja na mchanga na majivu, na mto ukauchukua. Nyamizi alivuka daraja lile asubuhi na jioni mpaka akamaliza shule. Watu walimwona ana desturi ya kutembea taratibu pale katikati, ameinamisha kichwa, anatazama chini. Walidhani ni haya ya msichana anayekua, wakamsifu.

Kisha yakaja masika makubwa. Maji yalipanda mpaka yakalamba mbao. Asubuhi moja watu wengi walikusanyika na mizigo ya chumvi vichwani, wake kwa waume, na watoto wa shule kati yao, wakingoja mwenyekiti aseme kama wavuke. Ruhoza, ambaye sasa alikuwa mzee, alikwenda mpaka kwenye nguzo, akaweka mkono juu ya bolti. Alihisi kitu. Chuma kilikuwa chembamba mkononi mwake, chembamba kuliko alivyokikumbuka, na nyaya zilipovutwa na maji kilitoa mlio ambao hakuwahi kuusikia. Aliangalia huku na huku. Wajumbe wa kamati walikuwa wanamtazama yeye. Mwalimu wa shule alikuwa anamtazama yeye. Ruhoza akatambua kwamba katika kijiji kizima hapakuwa na mtu wa kumuuliza, isipokuwa mmoja.

Akamwita binti yake kando. Tangu azaliwe hakuwahi kumuuliza neno ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake. Alisema, "Mwanangu, wewe ulikuwa na macho. Nitazamie hizi bolti, uniambie kweli. Ni nzima?"

Nyamizi aliinama akazitazama. Alizitazama muda mrefu, moja baada ya nyingine, kama mtu asomaye kitabu alichokwisha kukisoma. Kisha aliinua kichwa, akautazama uso wa baba yake. Halafu akautazama umati wa watu waliokuwa wanangoja, wote wenye heshima zao, wengi wao wakiwa wale wale waliopiga makofi siku ile. Akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa.

"Zinang'aa, baba," akasema.

Hakulisema kwa kisasi. Msimsingizie. Wala hapakuwa na hasira machoni pake, na hilo ndilo lililomtisha Ruhoza. Alimtazama mwanawe atafute kama ni kweli au si kweli, na hakuweza kujua. Alimuuliza tena, karibu kwa kulia, akamwambia sema tu mama, hakuna atakayekukasirikia. Binti akamjibu kwa adabu ile ile, kwa sauti ile ile safi. Zinang'aa. Na watu kule nyuma walianza kupiga kelele kwamba mizigo ni mizito, mwenyekiti aseme neno, wavuke au wasivuke.

Ninawaona mmenyoosha shingo. Mnataka kujua kama walivuka, na kama daraja lilishika. Sitawaambia. Nimewasimulia habari za mtoto aliyevunjwa mbele ya macho yenu, akiwa amepiga magoti, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha shingo pale, ila sasa mnaulizia mbao na nyaya. Leo jioni mtarudi nyumbani, na siku moja, sijui lini, kila mmoja wenu atasimama kwenye ukingo wa jambo lake na kumwita mwanawe amuulize neno moja la kweli. Je, mtoto wako atakujibu alichokiona, au atautazama kwanza uso wako?